Aulizwe Kwanza Mwenye Shamba



Kila mwaka tarehe 16 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Chakula. Imechaguliwa siku hiyo kwa sababu ndiyo siku ambayo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliundwa mwaka 1945 huko Quebec, Kanada. Tangu hapo yamezaliwa mashirika mengine: la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, mwaka 1961, na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD, mwaka 1977. Mwaka 2015 mataifa yote yaliahidi kwamba ifikapo 2030 njaa iwe imekwisha. Sisi Waafrika tulikuwa tumekwisha kuwatangulia kwa ahadi. Wakuu wa nchi zetu walikutana Malabo mwaka 2014 wakatamka kwamba njaa iishe Afrika mwaka 2025.

Mwaka 2025 ulifika, njaa ikabaki palepale. Hesabu za Umoja wa Mataifa zilizotolewa mwaka huo zilionyesha kwamba mwaka 2024 watu wapatao milioni 673 duniani walikuwa na njaa, na milioni 307 kati yao ni Waafrika. Yaani katika kila Waafrika watano, mmoja na zaidi hakupata chakula cha kumtosha. Katika Asia ya Kusini na Amerika ya Kusini njaa ilikuwa ikipungua. Kwetu ilikuwa ikiongezeka.

Haya si maneno ya kusomwa na kukunjwa. Bara lenye mito, mabonde na mikono mingi kuliko kazi, lawezaje kulala na njaa baada ya miaka themanini ya mashirika, mikutano na maazimio? Wapo wasemao kwamba fedha ni chache. Wapo, na wengine ni ndugu zetu wenyewe walioko maofisini, wasemao kwamba mkulima wetu ni mvivu na mgumu wa kufundishika. Nasema majibu yote mawili hayatoshi, na la pili ni tusi. Tusiende mbali kutafuta ushahidi. Tuyaangalie mashamba manne ya nchi hii hii.

KONGWA

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na shida ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 walituma watu watatu kuja kupima kama karanga zaweza kulimwa Afrika ya Mashariki. Watu hao walizunguka majuma tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi kwao na mpango wa kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zake zikiwa katika Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1947 Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Yakaletwa matrekta yaliyokwisha tumika vitani, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa miti.

Mwaka wa kwanza walikusudia kusafisha ekari 150,000. Hawakufikia hata sehemu moja katika kumi. Mibuyu iliwashinda. Mashine zilikufa, vipuri viko ng'ambo. Kiangazi kilipoingia udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama tofali, karanga zikakwama chini, hazing'oki. Mvua nayo ikawa ya Ugogo: mwaka huu ipo, mwaka ujao haipo. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu vyao.

Sasa nauliza: ni nani ambaye hakujua kwamba Ugogo kuna ukame? Mgogo alijua. Ndiyo maana alifuga ng'ombe, akalima uwele na mtama, akahesabu mvua zake kwa tahadhari. Maarifa hayo yalikuwapo pale pale, bure, chini ya mbuyu. Hakuna aliyeyauliza.

Na kama mtu atasema kwamba nchi ile haifai kwa kilimo kabisa, basi aende Kibaigwa, wilaya hiyo hiyo ya Kongwa. Atakuta soko la mahindi ambalo malori huja kupakia kutoka sehemu nyingi. Mahindi hayo ya Kongwa na Kiteto yamelimwa zaidi na wakulima wa kawaida, kila mtu na ekari zake, wakichagua wenyewe mahali pa kulima na wakati wa kupanda.

ULUGURU

Shamba la pili ni la milimani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona kwamba udongo wa Milima ya Uluguru unaporomoka, na kwa hakika ulikuwa unaporomoka. Dawa iliyotolewa ni matuta ya ngazi. Kila mtu alazimishwe kuyachimba kwa siku zilizopangwa, na asiyechimba atozwe faini. Waluguru walilalamika kwamba kazi ile inawamaliza nguvu, na kwamba katika miteremko ile mikali tuta hufukua udongo mbaya wa chini na kuufukia ule wa rutuba. Malalamiko yao yalihesabiwa kuwa ukaidi. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika kwa hasira, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ukaachwa.

Wanachama wa zamani wanaikumbuka habari hii kama sehemu ya harakati za uhuru, na ni kweli. Lakini ni habari ya kilimo pia. Siku hizi tunahubiriwa kilimo cha kuhifadhi ardhi kana kwamba ni jambo jipya lililoshuka na ndege. Wamatengo wa Mbinga wamelima kwa ngoro tangu zamani za mababu. Hulaza majani katika miraba juu ya mteremko, wakayafunika kwa udongo, yakabaki mashimo katikati ya kushika maji ya mvua. Majani huoza yakawa mbolea. Maharage hutangulia, mahindi yakafuata. Mlima ni mkali, lakini udongo haukimbii. Hapakuwa na faini wala polisi.

Tuta si adui wa mtu. Adui ni amri isiyosikia jawabu.

HANANG

Msomaji asije akadhani kwamba lawama zote ni za mkoloni. Shamba la tatu tulilima sisi wenyewe, baada ya uhuru, tukiwa na rafiki mwenye nia njema. Tangu mwaka 1970 hivi Kanada ilitusaidia kuanzisha mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu, Hanang, chini ya shirika letu la NAFCO. Ngano ilistawi, na mkate ukapatikana mijini. Mashine zilikuwa za Kanada, na namna ya kulima ilikuwa ile ya nyanda za Kanada.

Lakini ardhi ile, karibu ekari 100,000, haikuwa pori. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, tena yale mazuri kuliko yote, ambayo mfugaji huyaendea kwa zamu kufuata majira. Walipofungiwa uwanda huo, mifugo ilisongamana pembeni na pembeni pakachakaa. Walilalamika hata kwamba makaburi ya wazee wao yamelimwa. Mwaka 1981 watu wa kijiji cha Mulbadaw walifungua kesi. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984, kisha katika rufani ushindi huo ukatenguliwa. NAFCO yenyewe baadaye ilivunjwa.

Ni nani aliyeshiba, basi? Mtu wa mjini alipata mkate, na huyo naye ni mwananchi, simbezi. Lakini kupunguza njaa ya mtu mmoja kwa kumwondolea mwingine maziwa ya watoto wake si kupunguza njaa. Ni kuihamisha tu. Na kosa hilo halikuhitaji Mzungu mwenye kofia ya kikoloni. Lilitendwa na wataalamu waaminifu na maofisa wa nchi huru, kwa sababu nao walichora ramani kabla ya kuuliza.

SHINYANGA

Shamba la nne ndilo la kutufundisha njia. Wakati wa ukoloni miti mingi ya Shinyanga ilikatwa makusudi ili kuwaua mbung'o. Baadaye pamba ikapanuka, ng'ombe wakaongezeka, kuni zikakatwa. Kufika miaka ya 1980 sehemu kubwa ilikuwa imebaki vumbi, watu wakaiita jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa fedha kutoka Norway, na baadaye utaalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo mseto chenye makao Nairobi.

Mwanzoni HASHI nayo ilikwenda kwa desturi: vitalu vya miche, na miche yenyewe mingi ya kigeni. Watu hawakuipokea kwa moyo. Lakini hapa ndipo palipotokea tofauti. Badala ya kuwaita Wasukuma wakaidi, watumishi wa mpango walikwenda kuwauliza: zamani ninyi mlihifadhije malisho? Wazee wakajibu: kwa ngitili.

Ngitili ni sehemu ya ardhi inayofungwa mvua zinapoanza, majani na miti viachwe vikue, kisha hufunguliwa kiangazi kikikaza ili ng'ombe wapate kula. Yaweza kuwa ya mtu na jamaa yake, yaweza kuwa ya kijiji kizima. Sheria zake hupitishwa na wananchi katika mikutano yao, na ulinzi wake ni wa sungusungu. Ilikuwa desturi ya zamani iliyokaribia kufa. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 tu hivi. Kabla ya kupita miaka ishirini zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Miti iliota yenyewe kutoka visiki na mizizi ya zamani. Kuni, nyasi za kuezekea, dawa, asali na matunda ya porini vilirudi karibu na nyumba, na akina mama wakapunguziwa mwendo mrefu wa kutafuta kuni. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa uliupa mpango huo tuzo.

Angalia basi. Fedha ya Norway ilikuwa fedha ya kigeni kama ile ya Kanada. Wataalamu wa Shinyanga walikuwa wasomi kama wenzao wa Hanang.  Tofauti ni moja: hapa mwenye shamba aliulizwa, na jibu lake likageuka kuwa mpango.

JE, SAYANSI HATUITAKI?

Najua yatakayosemwa. Watasema mwandishi huyu anataka tubaki na jembe la mkono na mbegu za babu. La hasha. Mimi nimesomea ualimu. Siwezi kuitukana elimu. Huko Amani, katika Milima ya Usambara, wataalamu walianza katika miaka ya 1930 kuzalisha mihogo yenye kustahimili ugonjwa wa batobato, na vizazi vya mihogo hiyo vilisaidia watafiti wa Afrika ya Magharibi miaka mingi baadaye. Sayansi ya namna hiyo twaitaka, tena zaidi ya hii tuliyo nayo. Lakini tatizo hilo mkulima alikuwa amekwisha kuliona: muhogo wake ulikuwa unajikunja majani. Mtaalamu alijibu swali la mkulima. Hakuja na swali lake mfukoni.

Wengine watasema: mwenye njaa leo hawezi kungoja mikutano ya kijiji. Hilo nalikubali. Mwenye njaa hapewi hotuba, hupewa chakula, na anayeleta chakula wakati wa ukame au vita anatenda wema. Lakini hata wema huo una hatari zake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia nchini mwetu mdudu dumuzi, akaonekana kwanza Tabora. Asili yake ni Amerika ya Kati, na wataalamu huamini kwamba alikuja ndani ya mahindi yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Wakulima walimwita Skania, kama lori, kwa jinsi anavyosaga. Mpaka leo anakula ghalani kile ambacho mvua ilitupa. Kama chakula cha msaada kingenunuliwa kwa mkulima wa jirani aliyevuna vizuri, fedha ingebaki katika kijiji cha Mwafrika, na mdudu angebaki kwao. Jambo hilo lawezekana: WFP lenyewe limepata kununua mahindi na mtama hapa Tanzania kwa ajili ya nchi za jirani.

SAA YENYEWE NI HII

Kwa nini nayaandika haya sasa? Kwa sababu mambo yamebadilika. Mwezi wa Julai 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa likifanya kazi tangu 1961. Mwaka huo huo WFP lilipunguza mgao wa wakimbizi katika kambi kadha, mojawapo ikiwa Kakuma, Kenya. Aliyekuwa akilishwa kwa mkono wa mtu ameona jinsi mkono unavyoweza kurudishwa mfukoni kwa siku moja, kwa sababu ya uchaguzi uliofanyika nchi ambayo yeye hapigi kura. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu wala si nduguye.

Januari ya mwaka huo wakuu wa Afrika walikutana Kampala wakaweka ahadi mpya za miaka kumi, 2026 mpaka 2035: kuongeza mazao ya chakula kwa asilimia 45, na kupunguza kwa nusu kile kinachopotea baada ya mavuno. Ni ahadi nzuri. Lakini tukumbuke kwamba tangu Maputo, mwaka 2003, nchi zetu ziliahidi kutoa sehemu moja katika kumi ya bajeti zao kwa kilimo, na ni chache zilizotimiza mwaka hata mwaka. Sasa mfadhili mmoja akiondoka, watakuja wengine, wenye mitaji mikubwa na ramani kubwa. Watasema kama walivyosema watu wa karanga: hapa pana ardhi tupu. Na maofisa wenye haraka watapiga muhuri.

Kwa hiyo yako mambo ambayo kila mwanachama hana budi kuyashika katika tawi lake.

Kwanza, mradi wowote wa kilimo, uwe wa serikali, wa shirika la dunia au wa kampuni, usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautambua mkutano huo katika kutoa maamuzi ya ardhi ya kijiji. Sheria ipo, kinachokosekana ni watu kuhudhuria na kuuliza. Wafugaji nao waitwe, na wasiletwe mwishoni kusikiliza yaliyokwisha kuamuliwa. Akina mama waitwe, maana ndio washika jembe, na mara nyingi mikutano hupangwa saa wanapokuwa mtoni.

Pili, tudai bwana shamba na bibi shamba anayekaa kijijini, siyo anayepita na pikipiki mara moja kwa msimu. Mtaalamu asiyejua jina la mkulima hawezi kujua ugonjwa wa shamba lake.

Tatu, tudai ghala. Mkulima anayeuza mahindi mwezi wa mavuno kwa bei ya kutupwa, akayanunua tena mwezi wa Februari kwa bei ya juu, hana shida ya kulima. Ana shida ya mahali pa kuweka. Kihenge kizuri, mfuko usiopitisha hewa na ghala la ushirika ni silaha za kupigana na njaa kama mvua yenyewe.

Nne, tuwaulize wabunge na madiwani wetu, kila bajeti: ile sehemu moja katika kumi tuliyoahidi Maputo iko wapi? Na tusikubali kujibiwa kwa jumla kubwa iliyosomwa Bungeni. Tuulize ni kiasi gani kimetolewa kweli, na kimefika kijiji gani. Anayekwenda kuomba duniani hali ghala lake hajalitazama, haombi msaada, anaomba aibu.

Wageni wakija na fedha na elimu, tuwapokee. Tusiwe watu wa kukataa kheri. Lakini wakute mpango wetu mezani, umeandikwa na sisi, katika lugha yetu, wauchangie. Watu wa Norway walipokubali kuchangia ngitili hawakupungukiwa na heshima, wala Wasukuma hawakupungukiwa na uhuru.

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuchimba kisima bila kumwuliza anayeteka maji kila siku. Katika mkutano ujao wa tawi, kabla ya mengineyo, kila mmoja na aulize: katika kijiji chetu ni mradi gani unaoandaliwa sasa, na mwenye shamba ameulizwa lini? Kama hakuna ajuaye jibu, basi kazi imekwisha patikana. Tuianze.